Sikio la Serikali na Lafudhi ya Mgeni

Juma hili, ndugu msikilizaji, naomba tuzungumze juu ya sanaa. Usikimbie redio yako. Tukitaja sanaa hapa kwetu, wengi wetu tunaona mbele ya macho kinyago cha mpingo cha Mmakonde au picha ya Tingatinga yenye chui na ndege wa rangi. Vitu vya kutazama, kununua na kutundika ukutani. Lakini kwa miaka mingi sasa wako wasanii ambao hawapaki rangi wala hawachongi. Mtu wa namna hiyo hupewa chumba kitupu, akakipanga kwa spika na nyaya, pengine na benchi moja la kukalia, kisha akaiacha sauti ifanye kazi. Wenyewe huziita kazi hizo instalesheni. Anayeingia haji kutazama. Anakuja kusikiliza, na mahali atakapoamua kusimama ndani ya chumba hicho ni sehemu ya kazi yenyewe.

Sasa mtu ana haki ya kuuliza: spika chumbani na siasa, wapi na wapi? Jibu langu ni kwamba hakuna serikali isiyosikiliza. Serikali hutaka kujua nani anaimba wimbo wake na kwa lugha gani, nani ananong'ona na anamnong'oneza nani, nani hutamka neno kama mwenyeji na nani hulitamka kama mtu wa kuja. Sisi tunaofanya kazi kwenye maikrofoni tunalijua hilo mapema kuliko wengine. Wasanii nitakaowataja leo wamelichukua sikio hilo la serikali na kuliweka mezani ili nasi tulichunguze.

Tuanze na wimbo wa taifa, maana huo kila mtu anaufahamu. Mwaka 2015 maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia, yaliongozwa na Okwui Enwezor, mzaliwa wa Nigeria, Mwafrika wa kwanza kukabidhiwa kazi hiyo. Miongoni mwa aliowaalika alikuwapo Mnigeria mwenzake, Emeka Ogboh. Huyu alikuwa amejipatia jina kwa kurekodi makelele ya jiji la Lagos, hasa makondakta wa mabasi madogo ya danfo wanavyoita abiria kwa majina ya vituo. Anayewafahamu wapiga debe wa Kariakoo hahitaji kuelezwa zaidi. Lakini Venice hakupeleka Lagos. Alikuwa anaishi Berlin, akawakusanya Waafrika kumi wakaao katika jiji hilo, akawaomba waimbe wimbo wa taifa wa Ujerumani, kila mmoja kwa lugha ya mama yake.

Lugha zenyewe zilikuwa Kiigbo, Kiyoruba, Kibamoun, Kimore, Kitwi, Kiewondo, Kisango, Kiduala, Kikongo na Kilingala. Kila mwimbaji alirekodiwa peke yake. Halafu kila sauti ikapewa spika yake, na spika kumi zikapangwa kwenye vigingi usawa wa kichwa cha mtu. Ukisogea karibu na spika moja unamsikia mtu mmoja na lugha yake. Ukirudi katikati unasikia kwaya. Hapo hakuna picha ya bahari, hakuna mashua iliyozama, hakuna mtoto analia. Kuna wimbo wa Wajerumani tu, unaoimbwa kwa utulivu na kwa heshima, na mtu aliyesimama katikati akijiuliza kama huu bado ni wimbo wa Wajerumani.

Hebu tuuangalie wimbo huo. Tuni yake ilitungwa na Joseph Haydn mwaka 1797, na haikutungwa kwa ajili ya Ujerumani. Ilikuwa ya kumsifu mfalme mkuu aliyekaa Vienna, Austria. Maneno yaliandikwa na August Heinrich Hoffmann von Fallersleben mwaka 1841, na hazikuwa zama za taifa moja, bali za falme na miji mingi iliyojitegemea. Ukawa wimbo wa taifa mwaka 1922. Wanazi wakautumia, wakaupaka damu, na hasa beti lake la kwanza likawa na harufu ambayo haijatoka hadi leo. Baada ya vita, kuanzia 1952, Ujerumani Magharibi iliimba beti la tatu tu katika hafla za serikali, lile linalozungumzia haki, uhuru na umoja, na mwaka 1991, baada ya nchi kuungana, beti hilo peke yake ndilo likathibitishwa kuwa wimbo wa taifa. Yaani Wajerumani wenyewe wamekwisha kuukata na kuushona wimbo wao mara kadhaa. Ogboh ameongeza mshono mwingine.

Wala hilo si jambo geni kwetu. Tuni ya Mungu Ibariki Afrika ilitungwa na mwalimu Enoch Sontonga huko Afrika Kusini mwaka 1897, na leo inaimbwa na Tanzania, Zambia na Afrika Kusini, kila nchi na maneno yake, na Afrika Kusini peke yake kwa lugha tano ndani ya wimbo mmoja. Wakenya walichukua tuni ya wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea watoto, mwaka 1963, na askari wanaupigia saluti. Kwa hiyo anayesema wimbo wa taifa huota kama mti katika ardhi ya nchi moja na haukubali kuhamishwa, huyo hajausikiliza wake mwenyewe.

Lakini iko habari nyingine ndani ya orodha ile ya lugha kumi, na wengi waliopita Venice yawezekana hawakuigundua. Kibamoun, Kiewondo na Kiduala ni lugha za Kameruni. Na Kameruni, kama ilivyokuwa Tanganyika, ilitawaliwa na Wajerumani tangu miaka ya 1880 hadi Vita Kuu ya Kwanza. Mfalme wa Waduala, Rudolf Duala Manga Bell, alikuwa amesoma Ujerumani na akijua lugha na sheria yao. Serikali ya kikoloni ilipotaka kuwahamisha watu wake kutoka ardhi yao ya pwani, alipinga kwa barua, kwa rufaa na kwa mawakili. Wakamnyonga tarehe 8 Agosti 1914. Sasa sikiliza tena spika ile ya Kiduala inayoimba juu ya haki. Ogboh hakuweka kibao cha kueleza hayo. Aliiacha lugha ijieleze, na mwenye kujua historia atasikia.

(Kiswahili hakimo katika zile kumi. Kikongo na Kilingala wamo, ndugu zetu wa Kongo, sisi tumeachwa. Kwa nchi iliyopigana Maji Maji naona tungestahili spika moja.)

Tazama pia wakati wenyewe. Maonyesho yalifunguliwa Mei 2015. Kabla mwaka haujaisha, watu wapatao 890,000 walikuwa wameingia Ujerumani kuomba hifadhi, na nchi nzima ilikuwa ikibishana nani anaweza kuwa Mjerumani. Kule Marekani mabishano hayo yalikwisha kutokea: mwaka 2006 wasanii waliporekodi wimbo wa taifa wa nchi hiyo kwa Kihispania, Rais George W. Bush mwenyewe alisema wimbo huo uimbwe kwa Kiingereza. Ona basi. Mtu anaimba sifa za nchi yako, kwa moyo, na bado anaambiwa amekosea kwa sababu ya lugha iliyo kinywani mwake.

Kuna kazi nyingine ya Ujerumani hiyohiyo nitakayoigusa kwa ufupi, maana inaonyesha kwamba hata pengo linaweza kusikika. Susan Philipsz, mwanamama wa Glasgow, mwaka 2012 aliweka spika mwishoni mwa jukwaa la stesheni kuu ya zamani ya mji wa Kassel. Kutoka stesheni hiyo Wayahudi walisafirishwa mwaka 1941 na 1942. Muziki aliouchagua ulitungwa na Pavel Haas mwaka 1943 akiwa mfungwa katika kambi ya Theresienstadt. Wanazi waliupiga picha ya sinema mwaka 1944, wafungwa wakiupiga kwa ala, ili ulimwengu uone jinsi wanavyotunzwa vizuri. Oktoba mwaka huohuo Haas aliuawa Auschwitz, na wengi wa wanamuziki wale hawakurudi. Philipsz alirekodi sehemu za ala mbili tu, viola na sello. Ala zilizobaki hazipo. Abiria anayengoja treni anasikia noti moja huku, noti nyingine kule, na katikati kimya, kimya cha watu waliokuwa na zamu yao ya kupiga.

Sasa tuondoke kwenye muziki, twende kwenye mnong'ono. Lawrence Abu Hamdan alizaliwa Amman, Jordan, mwaka 1985, na hujiita mpelelezi wa masikio. Mwaka 2016 shirika la Amnesty International pamoja na wachunguzi wa Forensic Architecture wa London walitaka kujua yanayotendeka katika gereza la Saydnaya, kaskazini ya Damascus, Syria. Hakuna mwandishi wala mkaguzi aliyeruhusiwa kuingia. Waliotoka hai walikuwapo, lakini walikuwa wamefungwa vitambaa usoni au kulazimishwa kuelekea ukutani mlinzi akiingia. Hawakuona. Walisikia: mlango wa chuma, gari la chakula, hatua za walinzi, kipigo kwenye chumba cha pili. Abu Hamdan akaitwa kuwahoji kuhusu walichosikia, na kwa ushahidi wa masikio jengo likachorwa.

Jambo moja katika mahojiano hayo lilinikaa kichwani. Gerezani humo kuongea kulikuwa kosa la kuadhibiwa vikali, pengine la kufa. Wafungwa wakanong'ona. Abu Hamdan aliwauliza waliokuwamo kabla ya maandamano ya 2011 na waliokuwamo baadaye: mnong'ono wenu ulikuwa wa kiasi gani, ili mwenzako asikie na mlinzi asisikie? Akawapimia. Kati ya makundi hayo mawili akakuta tofauti ya desibeli 19. Kwa wasio mafundi mitambo: desibeli 19 maana yake nguvu ya sauti imepungua karibu mara themanini, na kwa sikio la mtu inasikika kama imeshuka hadi robo. Robo ya mnong'ono. Mwaka 2017 akaitengenezea chumba, kazi iitwayo kwa desibeli hizo zilizopotea. Februari mwaka huohuo Amnesty ilitoa ripoti ikikadiria kwamba kati ya watu 5,000 na 13,000 walinyongwa Saydnaya tangu Septemba 2011 hadi Desemba 2015. Milango ya gereza hilo ilivunjwa Desemba 2024, serikali ya Assad ilipoanguka.

Mwaka 2019 Abu Hamdan alikuwa mmoja wa wanne waliofikia hatua ya mwisho ya tuzo ya Turner ya Uingereza, ambayo ni kama kombe la wasanii wa nchi hiyo. Wote wanne waliandika barua kuomba wasishindanishwe, wakagawiwa pauni 40,000 kwa pamoja. Mimi nimefurahi, lakini nina neno la kulalamika. Kazi hizi hukaa katika majumba ya Venice na London, ambako mkimbizi haingii isipokuwa kusafisha sakafu. Tajiri anasikiliza mnong'ono wa mfungwa kwa dakika kumi, halafu anakwenda kunywa kahawa. Nisingependa tudanganyane kwamba hilo ndilo badiliko. Hata hivyo kazi moja ya Abu Hamdan ilitoka nje ya jumba ikaenda hadi barazani, na hiyo ndiyo inayotuhusu sisi wasema Kiswahili zaidi ya zote.

Katika nchi kadhaa za Ulaya mtu anapoomba hifadhi bila hati, serikali humpima lafudhi. Anahojiwa, mara nyingi kwa simu, maneno yake yanarekodiwa, na mchambuzi asiyemwona wala kujulikana jina anaandika: huyu anatoka anakosema, au hatoki. Mchezo wenyewe ni wa kale. Katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, watu wa Gileadi walishika vivuko vya Yordani, wakamwambia kila anayevuka atamke Shibolethi. Aliyesema Sibolethi alichinjwa. Biblia inahesabu watu elfu arobaini na mbili. Siku hizi hakuna upanga. Kuna barua inayosema ombi lako limekataliwa, na ndege ya kurudi.

Mwaka 2012 Abu Hamdan alifanya kazi mbili juu ya jambo hili. Moja ilikuwa makala ya sauti, kama hizi tunazotengeneza redioni, yenye mahojiano na mawakili, wataalamu wa fonetiki na waombaji wenyewe. Makala hiyo ilipelekwa kama ushahidi mbele ya baraza la rufaa za hifadhi la Uingereza, na mwenyewe akaitwa kutoa maelezo ya kitaalamu. Ni mara chache mchezo wa redio ukafika mahakamani upande wa mashahidi badala ya upande wa washtakiwa! Kazi ya pili ilifanyika Utrecht, Uholanzi. Aliwakutanisha Wasomali kumi na wawili waliokataliwa hifadhi baada ya kupimwa lafudhi, pamoja na wataalamu wa lugha. Matokeo yake hayakuwa sauti hata kidogo. Yalikuwa ramani, zilizochorwa kwa msaada wa Janna Ullrich, kila ramani ikionyesha maisha ya mtu mmoja: alikoishi, aliokaa nao, lugha alizookota njiani na zilivyobadilisha matamshi yake. Mtu aliyehukumiwa kwa sauti amepewa karatasi ya kujibia.

Kusini ya Somalia, kuanzia Kismayu na visiwa vyake kushuka kuelekea Lamu, wanaishi Wabajuni, na Kibajuni ni lahaja ya Kiswahili. Vita vya 1991 viliwafukuza wengi wao. Walikimbilia Kenya, wakakaa miaka katika kambi, na baadhi wakafika Uingereza. Huko walipopimwa, wako walioambiwa: wewe si Msomali, wewe ni Mkenya, Kiswahili chako ni cha Kenya.

Sote tunajua jinsi Kiswahili kinavyotembea. Mtu wa Lamu au Mombasa husema ndia na nti pale Mwunguja anaposema njia na nchi. Ule mkutano wa Mombasa wa 1928 ulipochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, wenyeji wa Kimvita walinung'unika, na nung'uniko hilo halijaisha. Shule ikafundisha sanifu, redio ikatangaza sanifu. Nasi watangazaji tumekuwa makarani wa lafudhi kwa muda mrefu: kijana akija kuomba kazi, kabla hatujasikia anachosema tumekwisha kujua anatoka wapi. Tofauti ni kwamba sisi tukimkataa anarudi nyumbani kwao, na nyumba ipo.

Mwaka 2014 shauri la waombaji wawili waliodai kutoka Somalia lilifika Mahakama ya Juu ya Uingereza. Majaji walikuta kwamba wachambuzi wa kampuni moja ya Sweden walikuwa wamevuka mpaka wa utaalamu wao, wakatoa maoni hata juu ya mambo yasiyo ya lugha, na wakasema ripoti za namna hiyo zisipewe uzito wa pekee, kila moja ipimwe kwa yaliyomo. Uchunguzi wenyewe hawakuufuta.

Tuchukue basi mfano, si mtu halisi. Amezaliwa kisiwa cha Chula. Mama yake ni wa Kismayu. Amekimbia akiwa na miaka sita, amekulia kambini karibu na Mombasa, mwalimu wake wa darasa la kwanza alikuwa Mkamba, na Kiswahili cha vitabuni ndicho alichochapiwa viboko akijifunza. Baadaye ameoa binti wa Lamu. Leo amekaa katika ofisi ya London, simu iko mezani, na mtu asiyemjua upande wa pili anamwambia aeleze njia ya kutoka kwao kwenda sokoni. Alitamke vipi neno njia?